Wachezaji wa Hellzapoppin' ni akina nani, na kasi ile ni ya kweli?

Swali: «Shikamoo mwalimu. Nafundisha vijana dansi hapa Mombasa, jioni, kwenye ukumbi wa mtaa. Mwanafunzi mmoja amenitumia kipande cha video ya zamani, haina rangi. Jozi nne za Wamarekani weusi waliovaa kama wafanyakazi wa nyumbani wanacheza kwa kasi ambayo sijapata kuiona, wanarushana hewani, kisha wanakimbia na kutoweka. Nikaambiwa ni filamu ya 1941 inayoitwa Hellzapoppin'. Nimeitafuta nikaiona yote. Kumbe ni vichekesho vya Wazungu wawili, na wale wachezaji hawana majina wala hawarudi tena. Ni akina nani? Picha imeharakishwa? Kwa nini wameingizwa namna ile? Na je, mambo yale naweza kuwafundisha vijana wangu?»

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Naanza na majina, kwa sababu ni watu waliostahili kujulikana tangu siku ya kwanza filamu ilipotoka.

Itazame tena na usimamishe picha kila jozi inapoingia katikati. Wa kwanza ni William Downes na Frances Jones, ambaye wenzake walimwita Mickey. Wanafuata Billy Ricker na Norma Miller. Wa tatu ni Al Minns na Willa Mae Ricker. Wa mwisho, yule bwana wa ovaroli, ni Frankie Manning, na mwenzake ni Ann Johnson. Manning ndiye aliyeipanga dansi yote, kuanzia nani aingie lini hadi fujo ile ya mwisho ambayo kwa kweli si fujo hata kidogo. Filamu inawataja kwa mkupuo mmoja tu, Harlem Congeroo Dancers. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Manning alilichukua jina hilo la Congaroo akaliita kundi lake mwenyewe.

Kabla ya hapo walijulikana zaidi kama Whitey's Lindy Hoppers. Whitey ni Herbert White, bondia wa zamani aliyekuwa baunsa kwenye ukumbi wa dansi wa Savoy, Harlem, eneo la watu weusi jijini New York. Aliwaona vijana waliokuwa wakicheza vizuri kuliko wengine, akawakusanya, akawafanyisha mazoezi na kuwatafutia kazi. Mikataba na malipo vilipitia mikononi mwake.

Savoy ndiyo chemchemi ya kila ulichokiona kwenye video ile. Ukumbi ulifunguliwa Machi 1926 kwenye barabara ya Lenox, kati ya mtaa wa 140 na wa 141. Ulikuwa na majukwaa mawili ya bendi, hivyo bendi moja ikipumzika nyingine inaendelea na muziki haukatiki usiku kucha. Bendi ya nyumbani kwa miaka mingi ilikuwa ya mpiga ngoma Chick Webb. Na Savoy weusi na weupe waliingia mlango mmoja na kucheza sakafu moja, wakati ambapo Cotton Club, iliyokuwa humo humo Harlem, iliajiri wasanii weusi kuwatumbuiza wateja weupe watupu. Wale wanane walilelewa na Savoy. Norma Miller, aliyezaliwa 1919, aliishi utotoni kwenye nyumba iliyotazamana na madirisha ya nyuma ya ukumbi; alijifunza kwa kuangalia vivuli vya watu wakicheza. Alikuwa na miaka 12 pale mchezaji mmoja maarufu alipomwona akicheza nje barabarani, akamshika mkono akamwingiza ndani.

Dansi yenyewe inaitwa Lindy Hop. Ilizaliwa Harlem mwishoni mwa miaka ya 1920, ikachukua miguu ya Charleston, dansi iliyovuma kabla yake, na kuongeza jambo moja lililobadilisha kila kitu: wenzi wawili wanaachana katikati ya wimbo, kila mmoja anacheza lake, kisha wanarudiana. Hatua kuu inaitwa swing-out. Mnaanza mkiwa karibu, mnazungushana, mwenye kuongoza anamwachilia mwenzake mpaka mikono inanyooka, na kwenye hesabu inayofuata wanavutana tena. Ni mapigo manane tu. Humo ndani kila mmoja ana nafasi ya kusema neno lake kwa mwili.

Sasa tuje kwenye kasi, maana najua hilo ndilo lililokukosesha usingizi.

Ni ya kweli. Muziki wa kipande kile unapita mapigo 300 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, mapigo manane ya swing-out moja yanaisha ndani ya sekunde 1.6. Ndani ya sekunde hiyo moja na ushei watu wawili wanakaribiana, wanazunguka, wanaachana, wananyoosha mikono na kuwa tayari kuanza upya. Manning alisimulia kwamba mazoezi waliyafanya kwa sahani ya kiongozi wa bendi Count Basie, «Jumpin' at the Woodside», na kwamba muziki unaousikia kwenye filamu uliwekwa baadaye, ukatengenezwa ulingane na miguu yao. Hapo ndipo watu wengi wanaposhuku: kama muziki uliwekwa baadaye, si wangeweza kuipiga kamera polepole ili picha iende mbio?

Unaweza kujipimia mwenyewe bila kuniamini mimi. Filamu za sauti huonyeshwa kwa picha 24 kila sekunde. Tafuta mahali ambapo mmoja wao anaruka wima kwa miguu yake mwenyewe, kisha peleka video picha moja moja. Mtu aliyekaa hewani nusu sekunde, yaani picha 12 tangu vidole viache sakafu hadi viguse tena, kiwiliwili chake kimepanda takriban sentimita 30, awe Harlem au Mombasa, awe bingwa au mwanafunzi. Kama picha ingeharakishwa, angepanda sentimita 30 zile zile na kushuka kwa picha chache zaidi, na jicho lingemwona anaangushwa chini kama aliyevutwa na kamba. Tazama pia magauni: kitambaa huchelewa nyuma ya mwili kwa namna yake, na ukiiharakisha picha kinaanza kutetemeka. Kwenye kipande hiki magauni yanapepea kama inavyotakiwa.

Waliwezaje? Miguu yao iko chini sana. Magoti yamekunjwa, hatua ni fupi, kisigino hakipandi bure. Manning alikuwa na jambo lake la pekee. Wachezaji waliomtangulia walisimama wima. Yeye aliinama kuelekea sakafuni, mguu mmoja nyuma, kama mkimbiaji wa mita 100 anapotoka kwenye mstari. Mwili uliolala namna ile una njia ndefu ya kunyooka, kwa hiyo hata hatua ndogo inaonekana kubwa. Ukimwangalia pale anapoingia na Ann Johnson, usiangalie miguu kwanza. Angalia mstari wa mgongo wake.

Na kuna kurushana. Mwaka 1935, Savoy, Manning alishindana na kundi la George Snowden, mchezaji mfupi aliyekuwa bingwa wa kizazi cha kabla yake. Yeye na mwenzake Frieda Washington walikuwa wamejifungia wakifanya mazoezi juu ya godoro: wanapeana migongo, mikono imefungamana, Frieda anapinduka juu ya mgongo wa Manning na kutua mbele yake. Kurushana jukwaani kulikuwapo hata kabla ya hapo, kwa wanasarakasi. Kilichokuwa kipya ni kwamba Frieda alitua juu ya pigo la muziki na dansi ikaendelea bila kusimama. Mwalimu, hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya sarakasi na Lindy Hop, na nitairudia nikifika kwenye vijana wako.

Wanamuziki nao usiwapite. Anayekaa kwenye piano mwanzoni ni Slim Gaillard, na mwenye besi kubwa ni Slam Stewart. Wawili hao walikuwa wamevuma 1938 kwa wimbo «Flat Foot Floogie». Stewart alikuwa na mtindo ambao sijamsikia mwingine aliyeufikia: anapitisha upinde kwenye nyuzi za besi huku akiimba kwa kuvumisha sauti ile ile, oktavu moja juu. Ukisikia besi inayoongea, ndiye huyo. Mpiga koneti, ile tarumbeta fupi, ni Rex Stewart wa bendi ya Duke Ellington. Mwaka huo wa 1941 Ellington alikuwa Los Angeles na onyesho lake la jukwaani, Jump for Joy. Tafakari kidogo: wanamuziki wa daraja hilo wanawekwa kwenye vichekesho wakiwa wamevaa nguo za utumishi.

Hapo ndipo swali lako la tatu linapouma.

Angalia jinsi kipande kilivyojengwa. Hadithi inaendelea kwenye jumba la matajiri, bustanini kumeandaliwa jukwaa la onyesho la jioni, vyombo vya muziki vimekwisha kupangwa. Mabwana hawapo. Wafanyakazi wanaviona vyombo, mmoja anajaribu, mwingine anajiunga, wengine wanatokea wakiwa na nguo zao za kazi, na ghafla panawaka moto. Yapata dakika mbili na nusu za dansi, kisha wanatimua mbio. Hakuna mhusika hata mmoja wa hadithi anayeongea nao. Hakuna anayewataja kabla wala baada.

Ndivyo studio zilivyofanya kazi miaka ile, na sababu yake ilikuwa pesa. Majimbo ya Kusini mwa Marekani yalikuwa chini ya sheria za ubaguzi, na kulikuwa na wenye sinema na bodi za ukaguzi wasiotaka kuona msanii mweusi akionyeshwa kwa heshima au akiwa sawa na mweupe. Mjini Memphis, Lloyd Binford aliongoza bodi ya ukaguzi kuanzia 1928 hadi miaka ya 1950, na mwaka 1945 aliipiga marufuku Brewster's Millions kwa sababu mhusika wa Eddie Anderson, mtumishi mweusi, alionekana kuzoeana mno na mabwana zake. Studio hazikutaka kupoteza soko hilo. Kwa hiyo wasanii weusi waliwekewa vipande vinavyojitegemea, ambavyo vinaweza kuchomolewa filamu ikifika Kusini na mtazamaji asijue kuna kilichoondolewa. Mwimbaji Lena Horne aliishi hivyo kwenye studio ya MGM kwa miaka kadhaa: anasimama, anaimba wimbo wake, anaondoka, na filamu inaendelea kana kwamba hakuwahi kuwapo. Ukiona msanii mweusi wa miaka ile anaingia bila sababu na kutoka bila kuaga, fikiria mkasi.

Na majina yaliibiwa kwa njia nyingine pia. Mwaka 1937 kundi la Whitey lilicheza kwenye A Day at the Races, filamu ya wachekeshaji ndugu Marx, Norma Miller na Willa Mae Ricker wakiwamo. Kipande kile kiliteuliwa kuwania Oscar ya uongozaji wa dansi, tuzo ambayo wakati huo bado ilikuwapo, na aliyeandikwa ni mwongozaji wa dansi wa studio, Dave Gould. Wale vijana waliileta dansi kutoka Savoy ikiwa imekamilika. Mimi nafundisha historia ya filamu, na kila mwaka nikifika hapo wanafunzi wananiuliza kama kuna aliyelalamika. Kulalamika walilalamika, hasa Miller, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, lakini kazi ya kesho ilitoka kwa watu wale wale.

Kuhusu filamu yenyewe, naomba usiitupe. Umeniambia ni «vichekesho vya Wazungu wawili» kama mtu aliyekata tamaa, nami nadhani ulikuwa na hasira, na hasira yako ina haki. Lakini Hellzapoppin' ni filamu ya ajabu kwelikweli. Ole Olsen na Chic Johnson walikuwa wachekeshaji wa jukwaani kwa miaka mingi. Septemba 1938 walifungua Broadway onyesho lenye jina hilo, na lilichezwa mara 1,404 hadi Desemba 1941. Halikuwa na hadithi. Kulikuwa na watu waliopandwa katikati ya hadhira, milio ya bunduki, na mwanamume anayezunguka ukumbini na mche wa kumpelekea mteja, na kila akirudi mche umekua mpaka mwishowe ni mti.

Onyesho hilo lilipogeuzwa kuwa filamu ya studio ya Universal, ikabidi watengenezaji wajibu swali gumu: fujo ya jukwaani utaiwekaje kwenye sinema? Jibu la mwongozaji H. C. Potter na waandishi wake ni kwamba sinema yenyewe ndiyo ifanyiwe fujo. Filamu inaanza na wanawake wenye mavazi ya kupendeza wanaoporomoka hadi jehanamu, mashetani wanachoma watu, na Olsen na Johnson wanawasili na teksi. Kisha tunagundua wapo studio, na mwongozaji ndani ya filamu anawaambia kwamba filamu lazima iwe na hadithi ya mapenzi. Wanabisha. Wanaongea na mwendesha projekta, anayechezwa na Shemp Howard; wanamwomba arudishe mkanda nyuma, naye anakosea, picha inakatika, wahusika wanajikuta nusu mwili chini na nusu juu. Wapenzi wawili, Jane Frazee na Robert Paige, wanaimba wimbo mtamu, na katikati ya wimbo skrini inaandikwa kwamba Stinky Miller arudi nyumbani, mama yake anamhitaji. Maandishi yanazidi kuja mpaka wapenzi wananyamaza, kivuli cha mtoto kinasimama mbele ya skrini na kuondoka, kisha wanaendelea kuimba. Tena mwaka ule ule ilipotoka Citizen Kane, filamu ambayo mwishoni kigari cha kuteleza kwenye theluji kinachomwa moto, Johnson anapita kwenye seti, anaona kigari kama hicho, anashangaa kwamba alidhani walikichoma.

Hiyo ni 1941. Miaka mingi baadaye watu walisifiwa kwa kuvumbua mambo hayo.

Udhaifu wake ni ile hadithi ya mapenzi, ambayo filamu inaidhihaki na bado inatulazimisha kuitazama. Sehemu ya kati inalegea. Martha Raye anajitahidi, Mischa Auer anachekesha, lakini utajikuta ukitazama saa. Na ndipo kipande cha bustani kinapofika kukuamsha. Jambo linaloniumiza ni hili: filamu inacheka kila kanuni ya Hollywood, inavunja fremu, inavunja hadithi, inamtania mwongozaji, studio na mtazamaji, na kanuni moja haiigusi kabisa. Watu weusi wamebaki watumishi, na kipande chao kimebaki mahali ambapo mkasi unaweza kupita.

(Kwa anayependa mambo ya pembeni: filamu hii iliteuliwa kuwania Oscar ya wimbo bora, kwa wimbo «Pig Foot Pete». Wimbo huo haumo ndani yake. Uko kwenye Keep 'Em Flying, filamu nyingine ya Universal ya mwaka huo huo, ambayo Martha Raye alikuwamo pia.)

Huenda utataka kujua yaliyowapata baadaye. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, sita kati ya wanane, wote isipokuwa Downes na Mickey Jones, walikuwa Rio de Janeiro wakitumbuiza kwenye kasino, na vita vikawakwamisha Brazili kwa miezi. Filamu yenyewe ilitoka siku ya 26 ya mwezi huo. Waliporudi, jeshi liliwachukua wanaume na kundi likasambaratika. Manning alipelekwa Pasifiki. Baada ya vita alijaribu tena na kundi lake, lakini muziki ulikuwa umebadilika. Bendi kubwa zilikuwa zinakufa, na jazi mpya ilikuwa ya kukaa na kusikiliza. Katikati ya miaka ya 1950 aliingia kazi Posta ya New York, akakaa huko yapata miaka thelathini. Savoy ilifungwa 1958 na kubomolewa.

Kilichowarudisha ni vipande hivi vya filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Stockholm, Uswidi, walikuwa wakivitazama na kuiga hatua kwa hatua. Walisafiri New York kutafuta waliokuwa hai, wakampata Al Minns, naye akaenda Uswidi 1984 kuwafundisha. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1986 wachezaji wawili kutoka California walimpigia simu Manning, na mzee wa zaidi ya miaka 70 akaanza kazi upya. Mwaka 1989 alipata tuzo ya Tony, ile ya maonyesho ya jukwaani, pamoja na wenzake watatu, kwa upangaji wa dansi ya onyesho la Black and Blue kule Broadway. Alifundisha duniani kote hadi karibu na kifo chake Aprili 2009, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 95. Siku yake ya kuzaliwa, Mei 26, sasa ndiyo siku ya Lindy Hop duniani. Norma Miller aliishi hadi Mei 2019, akiwa na miaka 99, akisema yote aliyotaka kusema. Na kambi kubwa kuliko zote ya dansi hii hufanyika kila kiangazi Herräng, kijiji kidogo cha Uswidi. Mkasi uliotayarishwa kwa ajili ya Memphis ulishindwa: leo kipande kile kinatazamwa na mamilioni ya watu ambao hawatawahi kumjua Olsen wala Johnson.

Sasa vijana wako. Ndiyo, wafundishe, kwa utaratibu.

Usianze na kurushana. Najua ndicho walichokiona na ndicho wanachokitaka. Anza na muziki, kwa sababu masikio yao yamelelewa na kitu kingine. Vijana wetu wa pwani wamekulia kwenye rumba na uzao wake, ambako mapigo madogo yamegawanywa sawasawa na gitaa linajaza kila upenyo. Swingi, yaani jazi inayochezewa Lindy Hop, haigawanyi sawa: kila pigo lina sehemu ndefu ya kwanza na fupi ya pili, na uzito unaangukia pigo la pili na la nne. Waambie wapige makofi kwenye la pili na la nne, bila kucheza, mpaka wasiteleze kwenye la kwanza. Chagua nyimbo za Count Basie za mapigo 120 hadi 140 kwa dakika. Kisha waache watembee tu, magoti laini, mwili ukidunda kwenda chini kila pigo. Vijana wengi hudunda kwenda juu. Warekebishe mapema, maana anayedunda juu hataweza kamwe kufika mapigo 200.

Swing-out iwafuate kwa majuma, si kwa siku. Kosa utakaloliona ni mwenye kuongoza kumvuta mwenzake kwa bega. Mvuto unatoka kwenye uzito wa miili miwili inayoegemea mbali na mwenzake, mikono imelegea lakini haijafa. Mwambie anayeongoza arudishe makalio nyuma kama anayetaka kukaa. Mkono utafanya kazi wenyewe.

Kurushana kukifika, kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba anayeruka huruka mwenyewe. Habebwi mtu. Mwenye kufuata anakunja magoti na kuruka kwa nguvu zake, na mwenye kuongoza anamwelekeza njia na kuhakikisha anatua kwa miguu. Ukimwona kijana anambeba mwenzake kwa nguvu za mgongo, simamisha zoezi, kwa sababu mgongo huo utaumia au shingo ya mwingine itaumia. Magodoro chini, wasaidizi wawili pembeni kila mruko mpaka umezoeleka, na wote wawili wakubali kwa hiari, anayeogopa asishawishiwe. Wazoee kwanza bila muziki, halafu kwa muziki wa polepole, na mruko usiotua kwenye pigo uhesabiwe haujakamilika hata kama umependeza. Na kwenye sakafu yenye watu wengine wanaocheza, kurushana ni marufuku. Hata Savoy mambo hayo yalikuwa ya mashindano na ya jukwaani.

Kwa darasa la kwanza, usiwaonyeshe Hellzapoppin'. Tafuta Keep Punching ya 1939, filamu ambayo waigizaji wake ni weusi, ambamo kundi hilo hilo la Whitey linacheza Big Apple, dansi ya duara iliyopangwa na Manning. Ile wanaweza kuijaribu siku hiyo hiyo, kwa sababu kila mtu anacheza kwa miguu yake na hatua zinaonekana waziwazi. Wakishaweza kucheza swing-out kwa mapigo 180 bila kuuacha muziki, ndipo uwarudishe bustanini kwa akina Manning, na uwaambie waangalie magoti ya wanawake wanne kabla ya kila mruko.